Surua kwa mtoto mchanga: kumtunza nyumbani na wakati wa kukimbilia zahanati

Homa ya mtoto haiji ikiwa imeandikwa jina lake. Siku ya kwanza, surua, malaria, mafua ya kawaida na nimonia hufanana sana. Mwili unachemka, mtoto analia, hataki kulazwa, ananyonya kidogo na kuachia titi. Ndiyo maana wazazi wengi hapa Kilifi, mtoto akichemka usiku, huwaza malaria kwanza. Hawakosei. Pwani ni eneo la malaria na kila mtoto mwenye homa anafaa kupimwa. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hana malaria, homa bado inahitaji maelezo. Somo la toleo hili linahusu ugonjwa mmoja ambao wazee wanaujua vizuri kuliko vijana: surua, ambayo katika nyumba nyingi za Pwani huitwa ukambi.

Vijana hawaujui kwa sababu ya chanjo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kabla ya chanjo kuanza kutumika mwaka wa 1963 na kuenea, surua ilikuwa ikiua takriban watu milioni 2.6 kila mwaka ulimwenguni. Mwaka wa 2023 makadirio yalikuwa vifo 107,500, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano ambao hawakuchanjwa au hawakumaliza dozi. Ugonjwa haujaondoka. Hungoja watoto wasio na kinga waongezeke katika kijiji au mtaa, kisha huingia.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo hili, ila mhudumu yeyote wa afya ataitambua kila hatua yake.

Nyumba moja, upande wa Ganze

Nyumba hii ina mtoto wa kiume wa miezi 8 na dada yake wa miaka 3. Mvulana bado mwezi mmoja afikie chanjo ya surua. Msichana alipata dozi ya miezi 9, lakini kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto hakina tarehe kwenye nafasi ya miezi 18. Mwezi huo familia ilikuwa na kilimo mbali na nyumbani, siku ikapita, na ikawa basi.

Siku kumi kabla ya homa, mama alikwenda matangani akiwa amembeba mvulana mgongoni. Palikuwa na watu wengi chini ya turubali. Mtoto wa jamaa mmoja alikuwa akikohoa, macho mekundu, kamasi zikimtiririka. Hakuwa na upele, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo surua inapowashinda wengi: mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele kutokea, na huendelea mpaka siku 4 baada yake. Virusi hukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka mahali hapo. Katika watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu naye, 9 huambukizwa.

Jumatatu mvulana akaanza kuchemka. Jumanne akawa na kikohozi kikavu, mafua, na macho yaliyokuwa mekundu na yenye machozi, akiyafumba kila alipotolewa nje juani. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho alifika jioni na mkoba wake, akampima joto kwapani akapata digrii 38.9, akampima malaria kwa tone la damu, akaona hana. Akamwambia mama ampeleke zahanati asubuhi.

Asubuhi mama hakuenda, kwa sababu ya shughuli za shamba na kwa sababu mtoto alionekana kuchangamka kidogo. Alhamisi alfajiri, alipokuwa akimbadilisha nguo, akaona vipele vyekundu nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele. Kufikia adhuhuri vilikuwa vimeshuka usoni na shingoni. Mama mkwe alimtazama mjukuu mara moja tu.

"Huu ni ukambi, mwanangu," alisema. "Ukambi haupelekwi hospitali. Akidungwa sindano utarudi ndani, utamuua."

"Mama, sibishani nawe," mkaza mwanawe alijibu. "Lakini mtazame kifua. Anapumua mbio."

Nyanya aliinama akatazama, akanyamaza. Kisha akaingia ndani kutafuta leso ya kumfunika mtoto njiani.

Nyanya alikuwa sahihi wapi, na wapi hakuwa

Wahudumu wa afya wanaombwa wasiwakemee wazee katika jambo hili, kwa kuwa nyanya alilijua jina la ugonjwa kabla ya kipimo chochote. Upele wa surua una mwendo wake: huanza nyuma ya masikio na usoni, hushuka kifuani na mgongoni, kisha mikononi na miguuni kwa muda wa siku tatu hivi. Hauna malengelenge yenye maji kama ya tetekuwanga. Nao si kama harara ya joto, ambayo hutokea bila homa kali, bila kikohozi na bila macho mekundu. Kabla ya upele, mtoto akifunguliwa kinywa kwenye mwanga mzuri, huenda vikaonekana vidoa vidogo vyeupe kama chembe za chumvi ndani ya mashavu. Mzee aliyewaona wagonjwa wengi wa surua ni msaada mkubwa nyumbani.

Imani ya sindano nayo ina chimbuko linaloeleweka. Surua yenyewe si ndiyo huua watoto wengi. Kinachowaua ni maradhi yanayofuata nyuma yake, hasa nimonia na kuhara, siku ambazo upele umeanza kufifia na kuwa mweusi. Kwa anayetazama kwa macho, inaonekana kama upele umeingia ndani na kwenda kumaliza kazi huko. Na kwa kuwa watoto waliopelekwa hospitali zamani walikuwa wale waliokwisha kulemewa, baadhi yao walidungwa sindano na wakafa siku hiyohiyo. Sindano ikabeba lawama. Ukweli ni kwamba upele hauna mahali pa kurudi. Hufifia kwa sababu mwili umeanza kuvishinda virusi. Mtoto anayezidiwa wakati huo ana ugonjwa wa pili, na ugonjwa huo wa pili mara nyingi una dawa.

Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Hapa wazee na madaktari wanakubaliana. Kwa hiyo kazi yote ya kumtunza mtoto ni kumpa mwili wake nguvu ya kupigana, na kuyakamata mapema maradhi yanayofuata.

Kuhesabu pumzi

Mama wa mfano huu alifanya jambo moja lililookoa muda: alitazama kifua. Kila mzazi anaweza kujifunza. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Nguo ipandishwe hadi kifua na tumbo vionekane. Mzazi atazame kifua kikipanda, ahesabu kila kipandapo kuwa moja, kwa dakika nzima kwa saa au simu. Kuhesabu kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili hupotosha, maana mtoto mchanga hupumua bila mpangilio.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni 40 au zaidi. Mvulana wa Ganze alihesabiwa nyumbani akapatikana na 54, na zahanati wakapata 56. Hiyo ni dalili ya nimonia hata kama mtoto bado anacheka.

Dalili nzito zaidi ni kifua kubonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi. Mtoto huyo hapelekwi zahanati kungoja foleni. Anahitaji hospitali.

Zahanati

Mlangoni mama alisema mara moja: "Mtoto wangu ana homa na upele, nadhani ni ukambi." Maneno hayo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Kwenye benchi la kliniki hukaa watoto wa wiki sita, akina mama wajawazito na watoto wenye utapiamlo, na dakika thelathini za kungoja pamoja nao zinatosha kuanzisha mlipuko. Muuguzi alimpeleka mtoto chini ya mwembe nje, mbali na wengine, na akamhudumia huko.

Alipimwa uzito: kilo 8. Alipewa Vitamini A, tembe laini ya buluu ya yuniti 100,000, ikakatwa ncha na kukamuliwa kinywani, na mama akaambiwa amrudishe kesho yake apate ya pili. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa yuniti 50,000, na aliyetimiza mwaka mmoja hupewa 200,000, ile nyekundu. Kila umri hupata dozi mbili, siku mbili mfululizo. Wazazi wengi huiona Vitamini A kama kitu cha kugawiwa kwenye kampeni tu, lakini kwa mgonjwa wa surua ni matibabu yenyewe. Surua humaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini, na mtoto asipoirudishiwa anaweza kupoteza macho au maisha. Hata aliyeipata mwezi uliopita katika kampeni anafaa kupimwa na kuhudumiwa upya. Akiwa na dalili za kuharibika macho, hupewa dozi ya tatu baada ya wiki mbili hadi nne.

Kwa nimonia alipewa amoksilini ya kunywa kwa siku alizoandikiwa. Hapa panahitaji kusisitizwa: dawa hiyo ilikuwa ya nimonia. Antibiotiki haifanyi lolote kwa surua isiyo na maradhi mengine, na kununua vidonge dukani "vya kukausha upele" ni kupoteza pesa na kumchosha mtoto tumbo. Macho yalipakwa mafuta ya tetrasaiklini. Mama alipewa pia dawa ya homa, na muuguzi akajaza fomu ya kuripoti na kuchukua damu kidogo ya kupelekwa maabara. Wazazi wasiogope damu hiyo. Ndiyo inayowaarifu maafisa wa kaunti kwamba kijiji fulani kinahitaji chanjo haraka. Waliambiwa warudi baada ya siku mbili, au mapema zaidi akizidiwa.

Homa nyumbani

Homa yenyewe si adui. Ni mwili unaofanya kazi. Dawa ya kushusha homa hutolewa ili mtoto apate nafuu, anyonye na alale. Haiponyi surua.

Dawa hiyo ni parasetamoli, na kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku moja. Mtoto wa kilo 8 hupata kati ya miligramu 80 na 120. Dawa nyingi za maji madukani zina miligramu 120 katika mililita 5, lakini si zote. Yapo matone ya watoto wachanga yenye nguvu mara kadhaa zaidi ya hizo. Mzazi asome chupa, na akiwa na shaka aulize muuguzi amwekee alama kwenye bomba la kupimia. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo, kwani vijiko havilingani. Parasetamoli nyingi huharibu ini, na kosa la kawaida ni mama kumpa mtoto dawa saa moja usiku, kisha nyanya au shangazi kumpa tena saa tatu bila kujua. Kipande cha karatasi ukutani chenye saa za dawa huondoa tatizo hilo. Aspirini asipewe mtoto kamwe. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asipewe dawa ya dukani kwanza, bali apelekwe hospitali moja kwa moja.

Mablanketi mawili na sweta katika joto la Pwani humwongezea mtoto homa. Nguo moja nyepesi inatosha, na leso usiku kukiwa na baridi. Kumwagia maji baridi humfanya atetemeke na joto la ndani likapanda zaidi. Kumsugua kwa spiriti ni hatari. Kuoga kwa maji ya vuguvugu kunaruhusiwa wakati wowote, hata kama wapo wanaosema mwenye ukambi haogi mpaka upele uishe. Ngozi safi haiwashi sana na haipati vidonda. Mwanga mkali unaumiza macho ya mgonjwa, kwa hiyo kumweka kwenye kivuli ni vizuri. Lakini chumba kilichofungwa madirisha, chenye moshi wa kuni, kinamnyima hewa mtoto ambaye tayari anapumua kwa shida. Dirisha lifunguliwe na jiko lipikiwe nje.

Macho na kinywa

Macho yasafishwe mara kadhaa kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kitambaa safi, kila jicho na kitambaa chake, kuanzia puani kwenda nje, kisha dawa ya zahanati ipakwe. Kisichotiwa machoni ni maziwa ya mama, maji ya majani, chai, asali, na dawa yoyote ya mtu mwingine. Surua huacha kioo cha jicho kikiwa dhaifu, na vitu hivyo huingiza vijidudu mahali palipochubuka. Wapo watu wazima vipofu leo ambao walipofuka kwa ukambi wa utotoni. Jicho likionekana na ukungu au doa jeupe mahali pa mboni, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kinywa kina vidonda, na hii ndiyo sababu mtoto hukataa titi. Haringi. Anaumia. Kidole kilichofungwa kitambaa laini safi, kilichochovywa kwenye maji yenye chumvi kidogo, hupanguza kinywa kabla ya kumnyonyesha. Kumpa dawa ya homa nusu saa kabla ya kula, saa yake ikiwa imefika, husaidia. Vidonda vikiwa virefu na vingi, hiyo si kazi ya nyumbani tena.

Kumlisha

Maziwa ya mama yaongezwe, mara nyingi na kwa muda mfupi, usiku na mchana. Mtoto akishindwa kuvuta, maziwa yakamuliwe kwenye kikombe safi na kunyweshwa kwa kijiko. Kwa wa miezi 6 na zaidi, chakula kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu kinafaa kuliko sahani moja kubwa: uji wa wimbi au mahindi uliotiwa tui la nazi, ndizi au papai lililopondwa, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mchicha uliopikwa na kupondwa, yai lililoiva vizuri. Katika baadhi ya nyumba mwenye ukambi hukatazwa mayai, samaki na nyama. Mwiko huo hauna faida, na humnyima mtoto kile hasa anachohitaji. Vitu vyenye limau, pilipili na moto mkali viachwe kwa ajili ya vidonda vya kinywa tu.

Akihara, apewe ORS ya pakiti baada ya kila choo, iliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti hiyo, pamoja na zinki kama alivyoandikiwa. Mchanganyiko uliolala uamkie kumwagwa. Mtoto anayehara na macho yakazama, machozi yakakosekana na mkojo ukapungua, anaishiwa maji.

Dalili za kuondoka saa hiyohiyo

Familia nyingi hungoja kukuche. Kwa dalili hizi hakuna kungoja, hata kama ni saa nane za usiku na boda boda inabidi iamshwe: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepatwa na degedege, amelegea, haamki vizuri au hamtambui mama, kifua kinabonyea au anatoa sauti ya kukoroma anapovuta pumzi akiwa ametulia, shingo imekakamaa au utosi umevimba, jicho limepata ukungu. Moja tu inatosha.

Degedege inahitaji neno la ziada, kwa kuwa Pwani wengi huiita nyuni, na mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga afukizwe au afungwe hirizi. Homa pekee inaweza kumpa degedege mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, na mara nyingi hupita bila kuacha madhara. Lakini malaria kali, homa ya uti wa mgongo na surua iliyofika kwenye ubongo huleta mtikisiko unaofanana kabisa, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho pale nyumbani. Mtoto alazwe ubavu chini mahali pasipo na vitu vya kumuumiza, nguo za shingoni zilegezwe, na muda utazamwe kwenye saa. Asitiwe kijiko, kidole, dawa wala maji kinywani. Asishikiliwe kwa nguvu. Mtikisiko ukiisha au usipoisha, safari ni ya hospitali. Familia inayotaka kumwombea inaweza kumwombea njiani.

Dada, jirani na chanjo

Mvulana alipopata upele siku ya nne, dada yake alikuwa amelala naye mkeka mmoja siku zote hizo. Chanjo ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtu akutane na mgonjwa inaweza kuzuia ugonjwa, lakini ndani ya nyumba moja muda huo mara nyingi umepita kabla ya yeyote kujua. Hata hivyo muuguzi alitaka kijitabu cha msichana kiletwe kesho yake. Dozi moja ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 katika kila 100. Wale 15 waliobaki ndio sababu ya dozi ya pili, ambayo Kenya iliiongeza mwaka wa 2013 kwa watoto wa miezi 18, na ambayo wazazi wengi huiruka kwa sababu mtoto wa umri huo anakimbia, ana afya, na kliniki imesahaulika. Msichana alichanjwa siku hiyo. Kuchelewa mwaka mmoja na nusu hakumfanyi mtoto afukuzwe, wala dozi ya kwanza hairudiwi.

Tangu mwaka wa 2016 chanjo hii ya Kenya hukinga surua na rubela kwa sindano moja, na haina malipo katika vituo vya umma. Kukiwa na mlipuko, au mama akiwa anaishi na VVU, mtoto anaweza kupewa dozi ya mapema akiwa na miezi 6, na bado atahitaji za miezi 9 na 18. Sababu ya kungoja miezi 9 kwa kawaida ni kwamba kinga aliyopewa na mama tumboni huwa bado mwilini na inaweza kuizuia chanjo kufanya kazi. Kinga hiyo hupungua polepole, na kwa baadhi ya watoto huisha kabla ya siku ya chanjo. Mvulana wa Ganze aliangukia kwenye pengo hilo. Kinachomlinda mtoto katika miezi hiyo ni wenzake waliochanjwa, na surua husimama tu pale ambapo watoto 95 katika 100 wamepata dozi zote mbili.

Mgonjwa akae nyumbani mpaka siku ya nne baada ya upele kutokea ipite. Wageni wa kumjulia hali wapige simu. Jirani mjamzito asiingie, kwa kuwa surua inaweza kuharibu mimba au kuleta uzazi wa kabla ya wakati.

Wiki zinazofuata

Homa ya mvulana ilishuka siku ya tatu baada ya upele. Upele ukawa wa rangi ya kahawia na ngozi ikaambuka kama unga, jambo la kawaida. Homa ambayo haishuki kufikia hapo, au inayoshuka kisha ikarudi, huashiria nimonia, sikio au ugonjwa mwingine, na mtoto arudishwe zahanati. Sikio hujulikana kwa mtoto kulivuta, kulia usiku, au usaha kutoka. Lisitiwe mafuta. Lipanguzwe kwa kitambaa kilichosokotwa na kupelekwa kupimwa.

Wazazi wengi hupumua hapa na kurudi shambani, na ni mapema mno. Surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili, kwa hiyo kwa wiki na hata miezi mtoto huwa rahisi kupata kuhara, kichomi na malaria. Alale ndani ya neti kila usiku. Apewe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mpaka uzito aliopoteza urudi, na uzito upimwe kliniki badala ya kukisiwa kwa macho. Mvulana alikuwa ameshuka kutoka kilo 8 hadi 7.4. Mwezi ulipotimia alikuwa na 8.1.

Siku hiyo ya mwezi alikuwa pia ametimiza miezi 9. Nyanya, aliyekuja naye kliniki, aliuliza kama mtoto aliyekwisha kuugua ukambi ana haja tena ya sindano yake.

"Anayo, mama," muuguzi alijibu. "Humu ndani mna rubela pia, na haimdhuru aliyewahi kuugua."

Nyanya alimshika mjukuu mapajani mwenyewe wakati wa kudungwa. Tarehe ya miezi 18 iliandikwa kwa penseli kwenye kijitabu, na mama akaiweka kwenye simu vilevile, pamoja na siku ambayo familia huanza kilimo.